Pacha wa Kwenye Kisahani

Chanuo alikuwa mtu wa wivu, na hakuwahi kulificha hilo. Alimwonea wivu msusi wa ng'ambo ya barabara kwa kioo chake kirefu. Alimwonea wivu wifi yake kwa meno. Na kuna kipindi alimwonea wivu mwanamke mmoja asiyemjua kabisa, kwa sababu tu kila alipopita mbele ya saluni alikuwa anacheka na mtu. Lakini wote hao walikuwa watu, wenye miguu ya kukimbilia na midomo ya kujitetea. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kukosa usingizi kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa punje ya mtama, kinachoelea kwenye maji mekundu ndani ya kabati la joto, upande wa pili wa mji.

"Pacha hajambo?" aliuliza Mama Vitambaa.

Mama Vitambaa, mwenye duka la mlango wa pili, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kusukia, kichwa nusu kimelala nusu kimetimka. Chanuo akavuta msuko.

"Aaaa! Hicho ni kichwa, mwenzangu, si kamba ya ndoo!"

"Pacha gani?"

"Wa mdogo wako! Jana mama yako kanionyesha kwenye simu. Nikamwambia, mbona kama dengu? Nusura anitoe nje."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Hii ilikuwa saluni ambayo nusu ya waliokaa hawakuja kusuka. Kulikuwa na vikaushio vitatu vya nywele na kimoja tu ndicho kilichopuliza. Viwili vilivyobaki vilikuwa viti vya enzi vya wanawake waliokuja kusikiliza.

"Si pacha," Chanuo akasema. "Ni seli. Damu ya mdogo wangu imegeuzwa, basi. Haina kitovu, haina jina."

"Sasa umenuna nini?"

"Nani kanuna?"

Kioo kilichokuwa mbele yao kikajibu kwa niaba yake.

Jina la Chanuo alipewa mtaani, kwa sababu mikono yake ilifumua nywele zilizoshindikana na ulimi wake ukafumua mambo ya watu yaliyofungwa vizuri tu. Kwao walizaliwa wawili. Wa pili, wa mwisho, waliyemwita Kitinda, alikuwa na macho makubwa mazuri yasiyofanya kazi sawasawa. Alipokuwa mdogo, jua likizama tu, alianza kugonga viti. Shuleni walimwita mzembe. Alipokua, dunia ikaanza kumfunga kutoka pembeni, kama mtu anayevuta polepole uzi wa mdomo wa mfuko. Sasa alibakiwa na kipande cha katikati. Kwa kipande hicho alisoma simu yake na kufanya kazi ya kupokea wateja kwenye ofisi ya maji, lakini ndoo iliyo mguuni pake hakuiona, wala mtu aliyekaa ubavuni. Mjomba wao alianza hivyo hivyo na akaishia gizani. Madaktari walisema ni ugonjwa wa kurithi: baba alibeba kosa hilo kimya, mama naye kimya, wakakutana.

Na tangu utotoni, Chanuo ndiye aliyemshika mkono. Walikuwa na lugha yao. Akimbinya mara moja, ngazi ya kupanda. Mara mbili, ya kushuka. Akimbinya kwa kucha, tena kwa muda mrefu, anakuja mtu wasiyempenda. Kitinda alijibu kwa kubinya naye, kuonyesha kwamba amesikia. Wamepita harusini, misibani na sokoni kwa lugha hiyo, na watu walisema, jamani, ndugu wale wanapendana. Chanuo aliyasikia hayo na kuyaweka moyoni kama mtu anayeweka hereni za dhahabu.

"Mimi ndiye macho yake," alizoea kusema.

Kwa hiyo kituo cha utafiti wa macho kilipomwita Kitinda kutoa damu, alikwenda naye. Huko wakakutana na Mtafiti, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza na miwani inayoning'inia kifuani, ambaye kila mara Mama alipomwita daktari alisema, "Mimi sitibu, mama, mimi nachunguza." Aliwaeleza taratibu. Wangechukua seli za damu na kuzirudisha utotoni, ziwe seli shina, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Kisha wangezilea mpaka ziwe kipande kidogo cha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Hapo wangeona ugonjwa unavyoanza, kitu kisichowezekana ndani ya jicho la mtu aliye hai.

"Na wewe dada, unaona vizuri?" Mtafiti akauliza.

"Naona mpaka yasiyonihusu."

"Basi tutachukua na yako. Tutalinganisha. Wewe ndiye utakuwa kipimo chetu."

Kipimo! Saluni ilikula neno hilo asubuhi, mchana na jioni. Mteja akilalamika kwamba msuko umepinda, aliambiwa, "Unambishia nani? Mwenzako ni kipimo." Chanuo alinyoosha mkono na kuonyesha pale sindano ilipoingia hata baada ya alama kufutika.

Hali ilikuwa hiyo mpaka alasiri moja Mtafiti alipokuja mwenyewe nyumbani kwa Mama kuleta habari. Mama alitandika kitambaa cha meza cha wageni. Kitinda alikaa karibu na dirisha, Chanuo akakaa karibu na Kitinda.

"Tumefanikiwa kuhariri jeni," Mtafiti akasema, uso umemng'aa. "Katika maandishi yote yaliyomo ndani ya seli ya Kitinda, pale penye kosa ni herufi moja. Tumekata pale pale, tukaweka iliyo sahihi. Kwingine kote hatukugusa."

"Kama kufumua msuko mmoja bila kugusa wa jirani yake," Chanuo akadakia.

"Haswa! Vizuri sana, dada." Chanuo akatabasamu. Hakujua kwamba ndilo tabasamu lake la mwisho siku ile. "Kwa hiyo sasa tunazo seli za Kitinda zenye kosa, na seli za Kitinda zilizorekebishwa. Tutazilea pamoja na kuzilinganisha. Zile zako hatutazihitaji tena."

"Hamtazihitaji?"

"Wewe na mdogo wako mnatofautiana mahali pengi mno. Nikiona tofauti sijui imetokana na ugonjwa au imetokana tu na kwamba wewe ni wewe. Lakini hizi mpya zinatofautiana naye mahali pamoja tu. Ziko karibu naye kuliko ndugu yeyote."

"Kuliko mimi?"

"Kisayansi, ndiyo."

"Kisayansi," Chanuo akarudia, kama aliyeonjeshwa dawa chungu. "Na zangu mtazifanyaje?"

"Tutazihifadhi kwenye baridi."

"Kwenye friji?"

"Baridi kuliko friji."

Mama hakuwa anasikiliza habari za baridi. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. "Huyo aliyerekebishwa," akasema, "anakula nini?"

Mtafiti akacheka. "Maji yenye lishe, mama. Tunambadilishia kila siku."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili. Mmoja wetu lazima aje."

Mama akamgeukia binti yake mkubwa kwa jicho lililojaa maana. Jumapili iliyopita Chanuo hakutokea, alikuwa na bibi harusi wa kusuka. "Umesikia? Hata Jumapili." Kisha akashika shavu lake. "Maskini, pacha wa mwanangu."

Hivyo ndivyo lile donge lilivyopata jina. Pacha aliwekwa kwenye joto akawa analishwa, na Chanuo akatiwa kwenye barafu.

Kuanzia hapo Mama akawa kama mwanamke aliyejaliwa mjukuu wa ng'ambo. Kila mwanzo wa wiki alimpigia simu Mtafiti. "Amekula?" "Amekula, mama." "Ameongezeka?" "Kidogo." Seli zilipokusanyika zikawa vidonge vidogo vya retina, Mtafiti akatuma picha, na Mama akaenda kwa fundi simu amwekee mbele, ile sehemu inayowaka ukibonyeza. Sehemu hiyo ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa na Chanuo akiwa na gauni la kijani, akikata utepe siku ya kufungua saluni.

"Mama, picha yangu iko wapi?"

"Ipo, mwanangu. Ipo ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ndani huko. Wewe si nakuona? Huyu sijapata kumwona, ndiyo maana."

Angeweza kuyameza hayo, kwa sababu Mama alikuwa Mama. Kilichomkaba ni Kitinda. Kitinda alianza kumtania pacha wake kama mtu aliyezaliwa naye kitanda kimoja. Akijikwaa: "Pacha angeiona hiyo." Akimwaga chai: "Mleteni mwenzangu afute." Watu walikufa kwa kicheko. Na siku hizi alikwenda kituoni kwa gari la kituo, bila dada.

"Na kwenye zile ngazi nani anakushika?" Chanuo aliuliza, akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Mtafiti mwenyewe."

"Anakubinya mara ngapi?"

"Hanibinyi, Dada. Anasema tu: ngazi."

"Anasema tu! Mbele za watu! Na akija mtu msiyempenda?"

"Huko hakuna nisiyempenda."

Chanuo aliendelea kutafuta kitu kwenye mkoba muda mrefu sana.

Jumapili iliyofuata nyumba ya Mama ilijaa, kama ilivyojaa kila Jumapili. Walikuwepo shangazi, watoto wa shangazi, na Mama Vitambaa ambaye alisema anapita tu akawa amekaa tangu asubuhi. Watu walikula, vyombo vikaondolewa, na simu ya Mama ikaanza kuzunguka mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Shangazi aliishika mbali na uso, kisha karibu.

"Kwa hiyo huyu ndiye mzima?"

"Ndiye mzima," Mama akasema, kwa fahari.

Kitu kikakatika ndani ya Chanuo. Alisikia kikikatika.

"Mzima!" akasema. "Na huyu aliyekaa hapa dirishani ni nani? Mmeuliza watamrudishia lini hayo macho mapya? Ulizeni basi! Hawamrudishii. Mtafiti alisema toka siku ya kwanza, mimi nilikuwepo, hatibu, anachunguza. Wamekatengenezea hako kadonge macho, yeye wamemwacha na yale yale. Halafu mnapokezana simu mnachekelea."

"Dada," Kitinda akasema taratibu.

"Subiri. Nakwambia kwa kuwa hakuna mwingine wa kukwambia. Wewe kwao ni rasimu tu, mdogo wangu. Nakala safi iko kabatini."

Mama Vitambaa, ambaye hajawahi kuondoka penye jambo, alitazama mlango.

Kitinda alinyoosha mkono kutafuta kikombe chake. Kilikuwa pembeni kidogo, pale asipoweza kuona, na mkono ukakipiga kikaanguka. Hakuna aliyemtania pacha. Alijifuta gauni, akatoa simu yake, akaisogeza mbele ya uso wake pale penye mwanga, akampigia Mtafiti mbele ya wote.

"Nataka kujitoa," akasema. "Mzimwage hizo seli. Zote."

Simu ilikuwa kwenye spika, wote wakaisikia ile sauti ya kubembeleza. Mtafiti alisema ni haki yake, na hatakiwi kutoa sababu. Aliomba jambo moja tu: kabla hajaamua kabisa aje amwone pacha kwa macho yake, kwa kuwa hajawahi kumwona ila kwa picha. Baada ya hapo akisema zimwagwe, zitamwagwa akiwepo.

"Nitakuja," Kitinda akasema. "Nitakuja na dada yangu."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyasubiri Chanuo miezi yote ile. Sasa alipoyapata, akainama kuokota kikombe kilichoanguka.

Siku zilizofuata saluni ilikosa habari. Wanawake walikaa chini ya vikaushio vibovu wakisubiri, wakaondoka na kiu yao. Chanuo alisuka kimya. Alikuwa ameshinda. Kadonge kale kangemwagwa kama maji ya kuoshea brashi, na mambo yangerudi yalivyokuwa. Alijiambia hivyo wakati anachana, akajiambia tena wakati anafagia.

Mama hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha. Alipokwenda kumsuka kama kawaida, aliiona simu imewekwa kwenye kiti. Akaibonyeza kwa kidole. Haikuwa na pacha, wala gauni la kijani. Ilikuwa rangi ya bluu tupu, kama ilivyotoka kiwandani.

"Rudisha yule wako tu, Mama," akasema nyuma ya kichwa cha mama yake, chanuo mkononi.

"Unajua miaka yote hii nimejiuliza nini?" Mama akasema. "Nilimkosea wapi mtoto yule. Nilikula nini. Nilibeba mzigo gani mzito nikiwa naye tumboni. Wifi zangu wamesema yao, wengine mbele yangu. Halafu yule binti wa kituoni akaja akaniambia ni herufi moja. Moja, katika zote zile. Nikikatazama kale kadonge, mwanangu, sioni mtoto. Mimi si mwendawazimu. Naona nilikosea mahali padogo."

Chanuo alichana nywele za mama yake mpaka zikanyooka, akaendelea kuzichana.

Kituo kilikuwa jengo la ghorofa lenye korido ndefu na harufu ya dawa ya kusafishia. Kwenye ngazi Chanuo alibinya mkono wa mdogo wake mara moja. Mkono ule ulipanda ngazi, lakini haukubinya kumjibu.

Huko ndani walivalishwa makoti meupe, glavu, na kofia za plastiki. Chanuo alijitazama kwenye kioo cha dirisha. "Nywele nimejisuka mwenyewe siku mbili," akanung'unika, "nimekuja kuvikwa mfuko wa mkate." Kitinda hakucheka.

Mtafiti alifungua kabati la joto na kutoa visahani viwili, akavibeba kwa mikono miwili. Maji yalikuwa mekundu kidogo kama sharubati iliyozidishwa maji. Ndani yake kulikuwa na vipunje vyeupe vilivyotulia chini. Kando, juu ya meza, ilikuwepo chupa ya dawa ya kuulia seli. Hakuificha wala hakuisogeza.

Chanuo aliinama. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mimi nimekonda kwa ajili ya huyu?"

Mtafiti aliweka kisahani cha kwanza chini ya hadubini, akamwonyesha pa kuweka macho. Chanuo aliona mwanga, kisha akaona kijiduara kilichopauka, ukingo wake laini, na hapa na pale vinywele vifupi vilivyokatikakatika. "Huyu ni wa Kitinda kama alivyo," Mtafiti akasema. Akabadilisha kisahani. "Na huyu ndiye aliyerekebishwa." Ukingo wa huyu ulikuwa umeota vinywele pande zote, vimesimama vizito vizito kama brashi mpya. Chanuo akashusha pumzi. Kwa nywele hakuweza kudanganyika, hata za ukubwa ule.

"Hivyo vinywele ndivyo vinavyodaka mwanga ndani ya jicho," Mtafiti alisema. "Hapa havioni kitu, hakuna ubongo wa kuona. Lakini vimeota kama vinavyoota kwa mtu. Kwa yule wa kwanza vinakatika, na sasa tunajua kwamba ni kwa sababu ya ile herufi. Hakuna kingine wanachotofautiana."

"Ngoja. Hii mashine ni mbovu?" Chanuo alikuwa akigeuza kichwa huku na huku juu ya hadubini. "Naona hapa katikati tu. Pembeni kote ni kiza. Nageuza macho, hakuna kitu. Nataka kuona alipoishia, simpati!"

"Si mbovu, dada. Kila mtu huona hivyo. Duara tu. Ukitaka pembeni, unasogeza kisahani."

"Mtu anafanyaje kazi hivi siku nzima? Mimi kichwa kinaniuma tayari."

Nyuma yake akasikia kitu alichokuwa hajakisikia tangu Jumapili. Kitinda alikuwa anacheka, kwa pua, kama mtu asiyetaka.

"Sogea, Dada."

Kitinda aliketi. Alipapasa kiti, akapapasa meza, akaweka macho, na akatulia pale kama mtu aliyefika kwake. Hakuhangaisha kichwa. Alishika kitasa pembeni na kusogeza kisahani kidogo kidogo, mstari baada ya mstari. "Namwona," akasema. "Hapa ameota sana. Hapa kuna kinywele kimejikunja. Hapa ndipo alipoishia. Na nyuma yake kuna mwingine mdogo, mmemwona?"

Mtafiti aliinama kwenye hadubini baada yake, akakaa sana. "Huyo nilikuwa sijamwona," akakiri.

"Ni mazoea." Kitinda aligeuka kutafuta upande aliko dada yake, akampata. "Hapa peke yake, Dada, ndipo nyie mnapoona kama mimi. Hilo duara lililokuumiza kichwa ndilo langu. Naamka nalo. Natembea nalo sokoni."

Chanuo alisimama na kofia yake ya plastiki, mikono imening'inia. Alikumbuka ndoo. Si ndoo moja, ndoo zote, na viti, na watoto waliokanyagwa, na sauti yake mwenyewe: tazama unakokwenda, we mtoto, una macho ya pambo? Alikuwa amejiita macho ya mtu, naye hakuwahi kujua mtu huyo anaonaje.

"Basi," Mtafiti akasema. "Uamuzi ni wako, Kitinda."

"Dada ndiye aliyesema Jumapili. Na leo aseme."

Chanuo alitazama ile chupa ya dawa. Neno moja tu lilihitajika, nalo lilikuwa limekaa tayari juu ya ulimi, tamu kama lilivyokuwa siku zote. Akilisema, hakutakuwa na kitu chochote duniani kilicho karibu na mdogo wake kuliko yeye, si kisayansi wala vinginevyo. Alijishangaa kwamba hata sasa alikuwa analitaka.

"Pacha akimwagwa," akauliza, "huyu wa kwanza mtabaki naye?"

"Tungebaki naye asingetuambia kitu. Tungeona ameharibika, tusijue kwa nini. Lazima wawe wawili."

"Na dawa itapatikana?"

"Sijui. Labda si kwa Kitinda. Labda kwa mtoto wa mtu ambaye bado hajazaliwa. Sitawadanganya."

Chanuo akamgeukia Kitinda. "Mdogo wangu, mimi Jumapili nilisema kwa wivu."

"Nani asiyejua? Mpaka Mama Vitambaa anajua."

"Sikusema uongo, lakini."

"Hukusema uongo. Ndiyo maana iliuma." Kitinda alivuta glavu zake kidole kimoja kimoja. "Uliniita rasimu. Mbele ya shangazi."

"Mbele ya shangazi," Chanuo akakubali. "Nimekosa. Kama kuna rasimu kwenye ukoo huu ni mimi niliyetiwa kwenye barafu." Kisha, haraka, kabla neno lile lingine halijamtoka: "Asimwagwe. Ale. Hata Jumapili ale."

Kitinda alirudisha macho kwenye hadubini, akamtazama pacha wake kwa muda, wenzake wakisubiri, mmoja akiwa ameshika kifua. "Haya," akasema. "Aendelee. Mimi ndiye ninayesema hivyo lakini, si wewe."

"Si mimi," Chanuo akasema. "Ila Mama airudishe picha yangu."

"Hilo kaongee na pacha."

Walivua makoti. Kwenye korido Chanuo alisimama, akatazama kushoto na kulia kama hakuna mtu, akakunja mkono mmoja ukawa bomba, akauweka kwenye jicho moja, akafumba la pili. Akaanza kutembea. Hatua chache tu akapiga bega kwenye ukuta, na aliporudi katikati akagonga kitoroli cha chupa tupu, chupa zikapiga kelele jengo zima.

"Unafanya nini, wewe?" Kitinda akauliza.

"Natembea na duara lako."

"Kwa jicho moja? Unadanganya." Lakini alinyoosha mkono, akapapasa hewani, akaupata mkono wa dada yake uliokuwa huru. "Usitazame miguu. Tazama mbali, ukuta utaujua kwa sauti. Njoo huku. Kitoroli kimeisha. Sasa twende."

Walikwenda polepole, mdogo mbele, mkubwa nyuma na bomba lake jichoni. Mfagiaji mmoja aliwapisha akawatazama mpaka wakapita. Walipofika mwisho wa korido, Chanuo akasikia mkono wake unabinywa mara mbili. Ngazi, za kushuka. Akabinya kujibu. Wivu wake ulikuwepo bado, alikuwa anausikia pale pale ulipokaa siku zote. Yule kule juu alikuwa analishwa.

Katikati ya ngazi kucha za mdogo wake zikamzama kwenye kiganja, kwa nguvu, kwa muda mrefu.

"Nani?" Chanuo akanong'ona, bomba likihangaika kushoto na kulia. "Nani anakuja? Mbona simwoni?"

"Hakuna anayekuja," Kitinda akasema. "Nimekubinya kwa ajili yako: leo mtu wa kucha ni wewe."